Umeme kugeuza sumaku katika vihami vya topolojia: ni mkondo au ni volteji?

Mwanafunzi_wa_Katuba (Lubumbashi)

Ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo, nawasalimu kwa heshima.

Ninamaliza masomo ya fizikia hapa Lubumbashi, na kazi yangu ya kumaliza masomo inahusu kumbukumbu za kompyuta zinazohifadhi habari kwa mwelekeo wa sumaku badala ya kuzihifadhi kwa chaji ya umeme. Jambo lililonivuta kwenye somo hili ni la nyumbani kabisa. Delestaji, yaani mgao wa umeme, inapotukuta mtaani kabla sijahifadhi maandishi yangu, kazi ya saa nzima hupotea, kwa kuwa kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta husahau mara tu umeme unapoondoka. Sumaku haisahau. Mwaka 1988 Albert Fert na Peter Grünberg, kila mmoja na wenzake, walionyesha kwamba ukinzani wa matabaka membamba ya metali hubadilika sana kufuatana na jinsi sumaku zake zinavyoelekeana, na kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2007. Tangu hapo, kusoma sumaku kwa njia ya umeme kumekuwa jambo linalofahamika. Kuandika ndiko kunakogharimu: kuigeuza sumaku ndogo kutoka juu kwenda chini bila kuteketeza umeme mwingi.

Nimesoma kwamba vihami vya topolojia, yaani vitu ambavyo ndani havipitishi umeme lakini usoni vinapitisha, vinaweza kufanya kazi hiyo kwa mkondo mdogo sana. Kipimo kinachotumika ni pembe ya Hall ya spini (spini ni sumaku ndogo ambayo kila elektroni huibeba), ambayo hueleza ni kiasi gani cha mkondo wa spini unachopata kwa kila kiasi cha mkondo wa umeme. Kwa platini wanaandika takriban 0.08. Kwa seleniamu ya bismuti, yaani kihami cha topolojia kilichoundwa kwa bismuti na seleniamu (Bi₂Se₃), kundi la Cornell na wenzao walipata mwaka 2014 kati ya 2.0 na 3.5 katika joto la kawaida la chumba. Kwa mchanganyiko wa bismuti na antimoni, watafiti wa Tokyo waliandika 52 mwaka 2018.

Nimekwama mahali pawili. Kwanza, makala nyingine husema sumaku inadhibitiwa kwa uga wa umeme, yaani kwa volteji, nyingine husema kwa mkondo, na wakati mwingine maneno hayo mawili yanabadilishana nafasi ndani ya ukurasa mmoja kana kwamba ni kitu kimoja. Pili, ikiwa tofauti ni ya 52 kwa 0.08, mbona wanaojaribu kutengeneza kumbukumbu hizi kwa ajili ya soko wanaendelea kutumia wolframu, tantali na platini? Mwongozi wa kazi yangu ameniuliza swali hilo la pili mbele ya wenzangu, nami sikuwa na jibu.

Mwalimu_Kamalondo (Lubumbashi)

Mdogo wangu, swali lako la kwanza ndilo zito zaidi, na wengi hulipita mbio. Nitalijibu kwa njia ya ulinganifu, kwa sababu ulinganifu hukuonyesha lisilowezekana kabla hujaanza kuhesabu.

Fikiria kwamba tumepiga picha za video za elektroni moja inayokwenda kulia, kisha tunazicheza kinyumenyume. Elektroni itaonekana ikienda kushoto, na spini yake, ambayo kwa hesabu hii hufanana na kitu kinachozunguka, itaonekana ikizunguka upande wa pili. Kwa hiyo mkondo umegeuka ishara, na sumaku, ambayo ni spini nyingi zilizokubaliana, nayo imegeuka ishara. Sasa piga video ya sahani mbili za kapasita zilizojaa chaji zinazokaa kimya. Ukiicheza kinyumenyume hutaona badiliko lolote, na uga wa umeme kati ya sahani hizo utabaki uleule.

Kutokana na hilo, uga wa umeme peke yake, katika utando wa kawaida wa feromaneti (kitu chenye sumaku ya kudumu, kama chuma), hauwezi kuchagua kati ya sumaku inayotazama juu na sumaku inayotazama chini. Hali hizo mbili ni pacha, na uga huo unaziona sawasawa. Unachoweza kufanya ni kushusha kilima cha nishati kilicho kati ya hizo mbili, kama mtu anayefungua zizi bila kumwonyesha mbuzi njia ya kufuata. Katika chuma kilichofunikwa kwa oksidi ya magnesi, ambayo haipitishi umeme, jambo hilo limepimwa tangu mwaka 2009: volteji ikiwekwa, sumaku ya utando huwa rahisi zaidi au ngumu zaidi kugeuka. Ili igeuke kweli, ni lazima ukate volteji kwa wakati barabara, sumaku ikiwa katikati ya mzunguko wake, au uongeze kitu kingine chenye mwelekeo. Mkondo ni kitu cha namna hiyo, kwa kuwa hugeuka ishara pamoja na sumaku, na kwa sababu hiyo unaweza kuiambia ielekee wapi.

Kwa nini basi watu wasiridhike na mkondo na kuiacha volteji? Kwa sababu ya gharama. Chukua kiini cha kumbukumbu chenye upande wa nanomita 50, chenye tabaka la oksidi ya magnesi la nanomita 1.5. Ukihesabu kama kapasita ya kawaida, kwa volti moja utapata nishati isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya femtojuli. Mkondo wa mikroampea 100 unaosukumwa kwa nusu volti kwa muda wa nanosekunde 5 hugharimu femtojuli 250. Tofauti ni zaidi ya mara elfu tatu. Ndiyo maana kila mtafiti angependa kutumia volteji, na ndiyo maana neno hilo huponyoka kalamuni hata pale ambapo kilichopita katika waya ni mkondo.

Sasa tuje kwenye topolojia. Mwaka 2005 Charles Kane na Eugene Mele walieleza kwa hesabu hali mpya ya kihami chenye kingo zinazopitisha umeme. Mwaka 2007 kundi la Laurens Molenkamp huko Würzburg liliipima katika matabaka ya teluridi ya zebaki, na mwaka 2009 ikaonekana kwamba seleniamu ya bismuti ni kihami cha namna hiyo katika vipimo vyote vitatu vya nafasi. Pengo lake la nishati, yaani nishati ambayo elektroni inahitaji ili ianze kupita ndani yake, ni karibu elektroni-volti 0.3, zaidi ya mara kumi ya nishati ya joto la chumba, ambayo ni karibu 0.025. Usoni mwake, kila elektroni ina spini iliyofungwa na mwendo wake: inayokwenda mashariki spini yake inatazama, tuseme, kaskazini, na inayokwenda magharibi inatazama kusini. Bila mkondo, idadi za pande zote mbili ni sawa na hakuna kinachoonekana. Ukipitisha mkondo, wanaokwenda upande mmoja wanakuwa wengi, na uso mzima unajaa spini za upande mmoja. Ukiweka tabaka la sumaku juu yake, spini hizo huingia humo na kulisukuma lizunguke.

Kwa hiyo andika bila kusita kwamba majaribio hayo mawili uliyoyataja, la mwaka 2014 na la mwaka 2018, ni ya mkondo. Volteji ina nafasi yake katika vitu hivi, lakini kwa njia nyingine, na natumaini aliye karibu zaidi na suala hilo atalifafanua.

Fundi_wa_Tando (Bukavu)

Namshukuru Mwalimu kwa maelezo yake. Mimi nitashika swali la pili, kwa sababu nilikaa miaka minne nje ya nchi katika maabara ya kutengeneza tando nyembamba kabla ya kurudi Bukavu, na swali hilo lilikuwa chakula chetu cha kila siku.

Ndugu mwanafunzi, pembe ya Hall ya spini inakuambia kinachotokea kwa mkondo unaopita ndani ya kihami cha topolojia. Haikuambii ni mkondo kiasi gani unaokubali kupita humo. Tando mbili zilizolaliana ni kama njia mbili za maji zilizoanzia kwenye birika moja: maji hufuata iliyo pana. Seleniamu ya bismuti ina upitishaji wa takriban simensi 50,000 kwa mita. Feromaneti ya metali, kwa mfano aloi ya nikeli na chuma, ina takriban milioni 2. Weka nanomita 8 za seleniamu ya bismuti chini ya nanomita 4 za aloi hiyo, kisha zidisha upitishaji kwa unene kwa kila tabaka, na utaona kwamba katika kila sehemu 100 za mkondo, karibu 5 tu ndizo zinazopita katika kihami cha topolojia. Sehemu 95 zinapita ndani ya sumaku yenyewe, zinaipasha joto, wala haziisaidii kugeuka.

Sasa fanya hivyohivyo kwa platini yenye unene wa nanomita 5 na upitishaji wa milioni 4. Sehemu 71 kati ya 100 zinapita kwenye platini. Linganisha mkondo wa spini unaopatikana kwa kila kiasi cha mkondo wote ulioulipia: zidisha pembe kwa sehemu ya mkondo, gawa kwa unene. Kwa platini ni 0.08 mara 0.71, gawa kwa 5, ambayo ni 0.0114. Kwa seleniamu ya bismuti, ukichukua pembe ya 2, ni mara 0.048, gawa kwa 8, ambayo ni 0.0119. Pembe iliyo kubwa mara 25 imekuletea faida ya sehemu nne au tano tu kwa mia. Siku nilipoiona hesabu hii kwa mara ya kwanza niliirudia mara tatu, kwa sababu nilikuwa nimetumia mwaka mzima nikikuza fuwele hizo tabaka kwa tabaka.

Mchanganyiko wa bismuti na antimoni unavutia zaidi, kwa kuwa upitishaji wake ni karibu simensi 250,000 kwa mita. Humo mkondo unaingia vizuri zaidi, na kama ile 52 ingesimama katika kila utando, hakuna platini ambayo ingeweza kushindana nao. Lakini 52 ilipimwa katika fuwele iliyokuzwa kwa uangalifu mkubwa na kwa mwelekeo maalumu. Katika tando zilizotengenezwa kwa kunyunyiziwa atomu, njia ambayo viwanda hutumia, thamani zilizopimwa ni ndogo zaidi. Kisha kuna joto. Kutengeneza chipu hupitia hatua zenye nyuzi 400 za Selsiasi, na bismuti huyeyuka kwa nyuzi 271. Antimoni huipandisha kidogo, lakini si kufikia 400. Wolframu huyeyuka kwa zaidi ya nyuzi 3,400. Hapo ndipo jibu la mwongozi wako linapoanzia, kabla hata hujagusa fizikia ya spini.

Jambo jingine ambalo ningekuomba uliandike ni tahadhari juu ya namba zenyewe. Kwa seleniamu ya bismuti hiyohiyo, njia mbalimbali za kupima zimetoa thamani kuanzia karibu 0.01 hadi zaidi ya 3. Nikeli na metali nyingine hupenya usoni mwa vihami hivi na kutengeneza misombo mipya pale mpakani, kwa hiyo ulichopima huenda si uso uliodhani unao. Aidha, mwaka 2018 watu wa Minnesota walipata 18.6 katika seleniamu ya bismuti iliyonyunyiziwa, yenye chembe ndogondogo zisizopangika kama fuwele nzuri, na wao wenyewe walieleza nguvu hiyo kwa udogo wa chembe zile. Mtu asiandike kwamba kila nguvu kubwa ya kuzungusha ni kazi ya topolojia.

Niongeze neno moja ambalo si la hesabu. Tantali, ambayo mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba inaweza kugeuza sumaku ya kobalti, chuma na boroni, ndiyo hiyo inayotoka katika koltani ya Rubaya, Kivu ya Kaskazini. Wolframu huchimbwa huku Kivu, na kobalti ninyi wa Katanga mnaijua kuliko mtu yeyote. Tumezoea kuitaja kobalti kwa ajili ya betri tu, lakini ni metali inayobaki sumaku mpaka kelvini 1,388, na kwa sababu hiyo imo karibu katika kila kumbukumbu ya aina hii. Ni haki yetu kujua kinachofanyika kwa atomu hizo baada ya kuondoka hapa.

Mwanafunzi_wa_Katuba (Lubumbashi)

Mwalimu na Yaya Fundi, nawashukuru kutoka moyoni. Nimekaa na kalamu jana usiku kwa mwanga wa taa ya betri, na namba za Yaya Fundi zimetoka kama alivyoziandika.

Nikajiuliza: ikiwa kosa liko kwa sumaku inayonyonya mkondo, je, tukitumia sumaku isiyopitisha umeme kabisa? Nimekuta kwamba ziko, kwa mfano garneti ya itriamu na chuma, na feriti ya bariamu. Mwaka 2019 feriti hiyo iligeuzwa kwa mkondo uliopita katika seleniamu ya bismuti. Hapo mkondo wote unabaki katika kihami cha topolojia, na hesabu inakuwa 2 gawa kwa 8, yaani 0.25. Platini katika hali hiyohiyo inapata 0.08 gawa kwa 5, yaani 0.016. Faida ni karibu mara 16. Ninafikiri kuifanya namba hiyo kuwa kichwa cha sura yangu ya pili. Je, ninakosea?

Dada_wa_Ibanda (Bukavu)

Mdogo wangu, hesabu yako ni sahihi kwa jinsi ulivyoiuliza, lakini umeuliza juu ya kuandika peke yake. Kumbukumbu lazima isomwe pia. Njia inayotumika leo ni kupitisha mkondo kidogo wima, kutoka sumaku moja hadi nyingine, kupitia oksidi ya magnesi ya unene wa takriban nanomita moja, na kuona kama ukinzani ni mkubwa au mdogo. Sumaku isiyopitisha umeme haiwezi kuwa mlango wa mkondo huo. Unaweza kuisoma kwa njia nyingine, kupitia ukinzani wa tabaka lililo jirani, lakini ishara unayopata ni dhaifu mno, na kiini hakitasomwa kwa haraka.

Hata hivyo namtetea mwanafunzi kidogo mbele ya Yaya Fundi, kwa maana mfano wake ulikuwa mkali kupita kiasi. Hakuna mtu anayeweka nanomita 4 za aloi ya nikeli na chuma katika kumbukumbu ya kisasa. Tabaka la kobalti, chuma na boroni lenye sumaku ya wima lina unene wa nanomita moja hivi, na upitishaji wake ni takriban milioni moja au chini ya hapo. Tumia namba hizo, na sehemu 29 kati ya 100 za mkondo zitabaki katika seleniamu ya bismuti. Hesabu yako inakuwa 0.071, dhidi ya 0.015 ya platini. Faida ni karibu mara 4.7. Si 16, lakini si bure.

Nije sasa kwenye lile ambalo Mwalimu aliliacha, yaani volteji. Katika metali ya kawaida uga wa umeme hauingii. Elektroni ni nyingi mno na huufunika ndani ya sehemu ndogo ya nanomita. Uso wa kihami cha topolojia una elektroni chache, kwa hiyo elektrodi iliyowekwa juu yake, iliyotengwa kwa tabaka lisilopitisha umeme, inaweza kuziongeza au kuzipunguza upendavyo. Kuna kazi mbili ambazo ningependa uzisome pamoja. Mwaka 2014 watafiti wa Los Angeles walichukua teluridi ya bismuti na antimoni, wakaitia kromi ili iwe sumaku yenyewe, na wakaigeuza kwa mkondo mdogo, chini ya ampea 90,000 kwa sentimita ya mraba, katika kelvini 1.9. Tazama kwamba hapa hakuna tena tabaka la metali la kuiba mkondo. Mwaka 2016 wakaongeza elektrodi ya volteji na kuonyesha kwamba nguvu ileile ya kuzungusha inaweza kubadilishwa mara nne kwa kubadilisha volteji tu. Mkondo ndio unaotoa mwelekeo, na volteji ndiyo inayoamua mkondo huo utakuwa na nguvu kiasi gani. Nadhani hapo ndipo pale maneno yako mawili yanapokutana bila kuchanganyikana.

Katika vitu vya aina hiyo ndimo pia mwaka 2013 kundi la Xue Qikun huko Beijing lilipopima athari ya Hall (volteji inayozuka ubavuni mwa mkondo) ya kikwanta bila uga wa sumaku wa nje. Mkondo ulipita ukingoni na ukinzani wa Hall ukatulia kwenye om 25,813. Ili kuiona walishuka mpaka milikelvini 30. Mwaka 2020 athari hiyo ilichapishwa kwa teluridi ya manganisi na bismuti, ambamo manganisi imo katika fuwele yenyewe badala ya kunyunyizwa ovyo, nayo ilionekana kwa kelvini 1.4. Sumaku ya fuwele hiyo hupotea juu ya kelvini 25 hivi. Huo ndio umbali uliobaki: kutoka kelvini 25 hadi 300 za chumba chako huko Katuba, bila kutaja kompyuta yenye joto.

Kwa sababu hiyo mimi huvutiwa zaidi na Mn₃Sn, yaani manganisi tatu kwa bati moja. Ni antiferomaneti: sumaku za atomu zake zinafutana karibu kabisa, hivyo haisumbui kiini cha jirani. Hata hivyo ina athari kubwa ya Hall katika joto la chumba, jambo lililoripotiwa mwaka 2015 na kundi la Satoru Nakatsuji huko Japani, na chanzo chake ni topolojia ya mikanda yake ya nishati, yaani umbo la jumla la viwango vya nishati vya elektroni zake. Mpangilio wake wa sumaku unadumu mpaka takriban kelvini 420. Mwaka 2020 kundi hilo na wenzao waliugeuza kwa mkondo uliopita katika metali iliyolazwa pembeni mwake, na hali yake ikasomwa kwa umeme kupitia athari hiyohiyo ya Hall. Ishara ya kusoma bado ni ndogo, kama nilivyolalamika hapo juu, lakini angalau hufanya kazi mezani bila heli ya kimiminika ya kupozea.

Fundi_wa_Tando (Bukavu)

Dada, nakubali. Nilichukua nanomita 4 kwa sababu sampuli zetu za kupimia zilikuwa hivyo, na sikupaswa kuziita mfano wa kumbukumbu. Namba yako ya 4.7 ndiyo ya kuaminiwa.

Ndugu mwanafunzi, kabla hujaiandika namba yoyote kwenye kichwa cha sura, kumbuka kwamba ulianza kwa kulalamikia umeme unaoteketea. Wewe unahesabu mkondo. Anayelipa bili analipia mkondo mara volteji. Seleniamu ya bismuti ina ukinzani mkubwa, kwa hiyo kuusukuma mkondo ule mdogo kunahitaji volteji kubwa zaidi kuliko ya platini. Gawa kinyume cha pembe (1 gawa kwa pembe) kwa upitishaji: kwa platini utapata 12.5 gawa kwa milioni 4, na kwa seleniamu ya bismuti 0.5 gawa kwa 50,000. Ya pili ni kubwa mara 3.2. Kwa hiyo faida yako ya mara 16 kwa sumaku isiyopitisha umeme inakuwa mara 5 kwa upande wa joto. Faida ya Dada ya mara 4.7 inakuwa mara 1.5 tu. Na mfano wangu wa nanomita 4, ambao mikondo yake ililingana, unateketeza umeme mara tatu zaidi ya platini.

Volteji hiyo kubwa ina athari nyingine, kwa kuwa transista iliyo chini ya kila kiini ndiyo inayopaswa kuitoa. Mkondo mdogo unaruhusu transista kuwa ndogo, na hiyo ni faida ya kweli katika nafasi. Zitenganishe faida hizo mbili katika maandishi yako, ya nafasi na ya joto, kwa sababu hazikui pamoja.

Maabara ya tando hatuna hapa wala huko kwenu, lakini kazi yako haihitaji kuisubiri. Mlinganyo wa Landau na Lifshitz wa mwaka 1935, unaoeleza jinsi sumaku inavyozunguka, pamoja na msuguano ambao Gilbert aliuongeza miaka ya 1950, unatatuliwa kwa kompyuta ya kawaida ya mapajani. Weka sumaku moja, weka nguvu ya kuzungusha inayotokana na spini za mlalo, na uangalie inachukua nanosekunde ngapi kugeuka. Utakutana mara moja na tatizo ambalo hatujaligusa: spini za mlalo hulaza sumaku ya wima, lakini haziiambii iinuke upande gani mkondo unapokatwa. Wengi huongeza uga mdogo wa sumaku ili kuvunja usawa huo. Teluridi ya wolframu, kwa uchache wa ulinganifu wa fuwele yake, ilionyesha mwaka 2017 kwamba inaweza kutoa nguvu yenye mwelekeo wa wima. Jaribu hali zote mbili katika mlinganyo wako.

Mwanafunzi_wa_Katuba (Lubumbashi)

Yaya Fundi, Dada, Mwalimu, nimesahihisha. Sura ya pili sasa ina jedwali lenye safu ya mkondo na safu ya joto zikiwa mbalimbali, na ile 16 imebaki ndani ya jedwali pamoja na 5 yake pembeni.

Nimeanza pia na mlinganyo. Bila uga wa nje, sumaku yangu ya wima imelala chini ya mkondo kama mlivyosema, na nilipoukata mkondo, badiliko dogo sana la pembe ya kuanzia lilitosha kubadilisha upande iliokwenda, mara juu, mara chini. Nilipoongeza uga mdogo kwa upande wa mkondo, ikaenda chini kila mara, na nilipougeuza mkondo ikarudi juu. Kesho nitauondoa uga huo na kuweka nguvu ya wima ya aina ya teluridi ya wolframu, kisha nitaleta hapa muda niliopata kwa kila hali.